Baba Kulwa, Dawa Haikuvuja

Baba Kulwa mume wangu,

Nina habari imenijaa mpaka kooni, lakini mama yako amekaa hapa mlangoni anamenya karanga na ameshaniambia, "Barua isiyo na salamu ni mgeni asiyepiga hodi." Basi pokea salamu kwanza, usiniharakishe.

Mama yako anakusalimu sana. Miguu inamsumbua, ulimi hauna ugonjwa wowote. Anasema nikuandikie mwangaluka, na nilipomwambia mama, hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa ni alasiri, akasema, "Mimi najua huko aliko ni saa ngapi?" Basi mwangaluka.

Mdogo wako Mahona anakusalimu, yeye na watu wa nyumbani kwake. Tumepakana naye ukuta kwa ukuta siku hizi. Shija wetu anakusalimu. Ulimwacha kibogoyo, sasa meno ya mbele yametoka, makubwa kama ya sungura, na anayatumia kwenye miwa ya watu. Doto anakusalimu. Amenipita urefu, na maneno nayo yamerefuka pamoja naye. Mbuzi wako mweusi amezaa. Nyuki wa mizinga ile ya mtoni walihama baada ya wewe kufa, kisha wakarudi wenyewe, mama yako akalia siku hiyo kama aliyeona mtu.

Kulwa anakusalimu. Kulwa nimemweka mwisho makusudi, maana habari yenyewe ni yake. Ah, Baba Kulwa! Ngoja. Ngoja nikuandikie vizuri.

Kwanza usishangae ni nani ameniandikia. Hakuna. Mkono ni wangu mwenyewe. Mimi niliyekuwa naweka dole gumba kila mahali, nimesoma kisomo cha watu wazima, jioni baada ya shamba la kijiji, wanawake tumebanana kwenye madawati ya watoto. Herufi zangu zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe, lakini zinasomeka. Ulipotuacha tulikuwa kule msituni karibu na mizinga. Sasa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Ntalikwa, nyumba zimepangwa mstari, nikizidisha chumvi jirani anajua kabla yangu. Zahanati ipo karibu, na hilo nalishukuru.

Ilikuwa kiangazi kilichopita, msimu wa kurina asali. Kulwa ndiye aliyeshika mizinga yako, kama ulivyotaka. Akapanda ule mti wa mtundu, mrefu, ule ambao ulikuwa unaniambia nikupelekee maji na nisitazame juu. Tawi likavunjika. Mtoto akaanguka, na katika kuanguka akadaka tawi la chini kwa mkono wa kulia. Mwili mzima ukaning'inia kwenye mkono huo mmoja, mkono ukavutwa juu ya kichwa, kisha akaachia akaja chini. Mahona ndiye aliyembeba. Hakuvunjika mfupa hata mmoja, Baba Kulwa. Tukashangilia! Tukachinja kuku, wajinga sisi. Kumbe mkono ulikuwa umekufa.

Ulining'inia. Sina neno lingine. Ulining'inia kama mkia wa kondoo. Ukiunyanyua na kuuachia, unaanguka. Hausikii baridi, hausikii moto, akaegemea sufuria la uji akaungua na hakujua mpaka Shija alipopiga kelele. Na wakati huo huo anasema unawaka ndani kama umepigwa na nyuki wote wa dunia. Mkono usiosikia moto unaumaje? Nilikuwa namtazama nikijiuliza hivyo.

Hospitali niliyompeleka kwanza, daktari aliupima akatikisa kichwa. Akasema mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri mkononi, inaonekana imeng'oka kwenye uti wa mgongo, na iking'oka huko mizizi haioti tena. Akasema mkono wa namna hii ni mzigo tu, utaungua, utaoza, heri ukatwe begani kijana apumzike. Kulwa alikuwa amekaa pale pale. Tulipotoka nje akaniambia, "Mama, bila mkono huu mimi nitakuwa nani?" Nikamjibu, "Utakuwa mwanangu," halafu nikaenda nyuma ya jengo nikalia mpaka kanga ikalowa.

Lakini Mungu si wa daktari mmoja. Pale pale alikuwapo mwingine, akatufuata getini. "Mama, kabla ya kukata, mpeleke Dar. Kule kuna daktari anayeingiza dawa kwenye uti wa mgongo, halafu anapiga eksirei. Dawa ile inaonyesha kama mizizi imeng'oka kweli au ipo." Nikamuuliza, eksirei si tumeshapiga? Akasema, "Eksirei inaona mfupa, haioni mshipa. Mpaka uuwekee dawa ya kuuangazia."

Sasa hapa ndipo mama yako alipoingia. Tunajiandaa kusafiri, amesimama mlangoni na vitambaa viwili. "Kulwa na Doto walikuja pamoja. Kinachofanywa kwa mmoja kifanywe kwa mwenzake, la sivyo atakayeachwa ataondoka duniani." Unamjua mama yako. Walipokuwa wadogo akinyolewa mmoja na wa pili ananyolewa, akipewa dawa ya minyoo Kulwa, Doto naye anakunywa huku analia. Basi Doto akaambiwa aende, na mkono wake wa kulia ufungwe kitambaa shingoni sawasawa na wa Kulwa. Mtoto wa kike amekwisha kuwa mwanamwali, ananitazama mimi nimtetee. Sikumtetea. Niseme ukweli, hata mimi niliogopa.

Tukapanda treni Tabora, daraja la tatu, na matoborwa yetu, vile viazi vikavu, na karanga. Ile njia aliyoipita babu yako kwa miguu, jino la ndovu begani, miezi na miezi mpaka Bagamoyo, uliyokuwa ukinisimulia kila ukinywa pombe kidogo. Nilichungulia dirishani Manyoni, nikachungulia Dodoma, nikasema kumbe mzee yule hakuwa anatania, nchi hii ni pana. Watu behewani wakiwaona wale wawili na vitambaa vyao wanauliza, "Hawa wamepigana?" Doto anajibu, "Ndiyo, na mimi nilishinda."

Kulikuwa na mama mmoja wa Itigi, alipojua tunakoenda akashika kifua. "Sindano ya mgongo? Dada, akichomwa hiyo hainuki tena. Utarudi na mkono umepona na miguu imekufa." Tangu hapo mpaka pwani sikugusa tena matoborwa.

Tulipofika hospitali, cheka kidogo mume wangu, nakuandikia nacheka mwenyewe. Msaidizi wa daktari akatoka na pini mkononi, akaona vijana wawili wamefunga mikono, akamshika aliye karibu. Akamchoma Doto! "Unasikia?" Doto akaruka kama chura. "Nasikia na nitakusikilizisha na wewe!" Yule bwana kafurahi, anaita watu, "Daktari, huyu amepona!" Ikabidi nieleze mbele ya ukumbi mzima kwamba huyo si mgonjwa, ni pacha. Watu wakaangua kicheko. Kulwa naye akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu aanguke, basi sikuona haya.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole, anasema taratibu. Akanieleza sindano inaingia wapi. Chini kabisa mgongoni. Nikakataa. Nikasimama, nikachukua kikapu changu. Akasema, "Mama, kaa." Nikasema, "Baba, huyu hana baba. Akipoteza miguu nitamwambia nini marehemu?" Hakunikaripia. Ndipo lile neno la mama yako likanitoka mdomoni bila mimi kulituma. "Kama ni lazima, basi mchome na Doto."

Doto akasema, "Mimi nipo tayari, ila bwana wa pini asinikaribie."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Nilidhani atatufukuza. Akauliza kwa nini, nikamweleza mambo ya mapacha kwetu, akasikiliza yote. Kisha akasema, "Dawa hii haiingizwi kwenye mwili usio na ugonjwa, siwezi. Lakini picha nitampiga. Doto bila dawa, Kulwa na dawa. Zote mbili nitaziweka mbele yako, uone wewe mwenyewe tofauti yake. Umeridhika?" Nikamtazama Kulwa. Akasema, "Mama, mgongo ni wangu. Nataka kujua." Kwa sauti yako, Baba Kulwa. Ile ile ya kumaliza maneno.

Nikakaa kwenye benchi, rozari mkononi. Sala zenyewe zilinipotea, nilikuwa nasema tu "Maria, miguu. Maria, miguu."

Alipotolewa kwenye kitanda cha magurudumu, nilimfunua shuka kabla ya salamu. "Chezesha vidole vya miguu!" Akachezesha. Vyote! Anasema walimfunga mezani kwa mikanda, wakamchoma, kisha meza yenyewe ikainamishwa, kichwa chini miguu juu, "kama popo, Mama," ili dawa ishuke kutoka kiunoni mpaka shingoni, maana ni nzito kama mafuta. Halafu wakaigeuza meza wakaivuta dawa yao wakaitoa. Kichwa kilimuuma vibaya sana, akaambiwa alale asiinuke.

Daktari akatuita mimi na Doto. Kwenye ukuta kuna kioo kinawaka taa kwa ndani. Akabandika picha ya Doto. Shingo, mifupa, basi. Doto akasogea akatazama akasema, "Hivi ndivyo nilivyo?" Mtoto yule na maneno yake yote, ndani mifupa mitupu! Nikamuuliza daktari, mishipa yake iko wapi? "Ipo, Mama. Ni mizima kabisa. Ila picha haiioni."

Akabandika ya Kulwa pembeni.

Sijui nikueleze vipi. Mifupa ile ile ya shingo, ungesema ni mtu yule yule, lakini katikati umepita mto mweupe. Mweupe kabisa. Na pande zote mbili mto umetoa vichipukizi, vidogo, viwili viwili, vimepangana kama majani ya mlonge, na ndani ya kila kichipukizi kuna uzi mwembamba mweusi. Akaweka kidole. "Uzi huu ndio mzizi wa mshipa. Dawa imeuzunguka, ndiyo maana tunauona." Akahesabu kwa kidole upande mzima, kisha upande wa mkono uliokufa. Kimoja, kingine, kingine. Vipo. Vipo, Baba Kulwa!

"Kama mzizi ungekuwa umeng'oka," akasema, "mfuko wake ungepasuka, na dawa ingetoka nje ikajaa pembeni kama dimbwi. Unaona dimbwi?"

Sikuona. Na hapo ndipo nilipokuelewa wewe. Unakumbuka ulivyokuwa ukifanya na mzinga wa zamani, unapuliza moshi mdomoni mwake, halafu unazunguka taratibu kutazama unatokea wapi? Ufa usiouona kwa macho, moshi unakuonyesha. Na usipotoka moshi unaupiga mzinga kofi na kusema huyu mzima. Nikamwambia daktari hivyo. Akasema, "Ndivyo hasa. Nimepuliza, haukutoka."

"Kwa hiyo haikuvuja?"

"Haikuvuja."

Nikapiga kigelegele. Humo humo ndani. Muuguzi akaja mbio, "Mama, hapa ni hospitali, si arusini!" Doto naye akapokea, na kutoka chumba cha pili Kulwa akalia, "Mama, kichwa changu, tafadhali!"

Daktari hakutudanganya. Alisema mizizi kuwapo si kupona. Mishipa ilivutwa ikaumia mbele zaidi, huku karibu na bega, na mshipa ulioumia huota upya polepole mno, kama ukucha, kutoka bega kwenda kiwiko, kiwiko kwenda vidole. Huenda ukafika, huenda ukachoka njiani. Vidole ni mbali. Lakini mkono usikatwe. Akanifundisha kuukunja na kuunyoosha kila siku ili maungio yasigande, na kuulinda na moto kama mtoto mchanga.

Tukarudi. Mama yako hakuuliza habari za mkono kwanza. Aliuliza, "Na Doto walimfanya nini?" Nikamwambia alipigwa picha ile ile, meza ile ile. "Wabeja," akashukuru, akawafungua wote wawili vitambaa, na cha Kulwa akakifunga tena.

Kisha tukangoja. Kungoja huku, mume wangu. Mvua zimenyesha, tumelima, tumepalilia, mkono unaning'inia. Kila asubuhi naukunja, naunyoosha, nauimbia kama mjinga. Mahona akawa ananitazama kwa huruma, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kulwa mwenyewe alianza kunyamaza. Anakula kwa mkono wa kushoto, amegeukia ukuta, kwa aibu ya wageni. Mara mbili nilimkuta ameushika ule mkono anautazama kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa kwetu. Nikaanza kuogopa kwamba atakuja kuomba ukatwe yeye mwenyewe.

Mpaka Jumapili hii iliyopita.

Tumetoka misa. Nimepika mgebuka wa Kigoma, na ugali, na nsansa, ile mboga ya majani makavu. Tumekaa mkekani. Mkono wa Kulwa umelala mapajani pake, kiganja juu, kama kawaida yake. Doto, unamjua, akanyoosha mkono akachukua kipande cha samaki cha Kulwa, kile cha tumboni chenye mafuta. Kulwa akapaza sauti, "Wewe mwizi, rudisha!" Na mkono ukainuka.

Wa kulia. Si sana. Kiganja kiliondoka mapajani kikapanda, kiwiko kikakunjika kidogo, kisha kikaanguka. Doto macho yamemtoka, kipande cha samaki kipo hewani. Kulwa anautazama mkono wake. Mama yako, ambaye macho yake hayaoni mbali, anauliza, "Kuna nini? Kuna nyoka?"

Doto akasema kwa sauti ndogo, "Kulwa, chukua samaki wako." Akamsogezea karibu na magoti. Na ukainuka tena! Nilitaka kusema neno la Mungu, likatoka, "Msimsaidie, msimsaidie!" Shija akakimbia nje kutangaza kijiji kizima kwamba mkono wa kaka umefufuka, watu wakajaa uani, Kulwa akalazimika kurudia mpaka akachoka na samaki akaliwa na Mahona.

Nilishika msuli wake wa juu wa mkono wakati anakunja. Ulikuwa unajikaza chini ya vidole vyangu, mwembamba, kama panya ndani ya gunia. Upo hai. Laiti ungekuwapo uushike na wewe. Hapo nililia kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Furaha kubwa hivi na mimi sina wa kumpiga kofi la mgongoni usiku na kumwambia, umeona?

Vidole bado. Kiganja bado hakisikii. Najua. Tutarudi Dar kumwonyesha yule daktari, na Doto ameshasema anakwenda, kitambaa au bila kitambaa, anataka kumkuta bwana wa pini.

Basi sasa nakuaga, na nakuahidi mambo mawili. La kwanza, mkono huu hautakatwa na mtu maadamu mimi napumua. Kila asubuhi nitaukunja na kuunyoosha mpaka ufike ulipokusudia kufika, uwe mwaka, iwe miaka. La pili, wanao hawa hawatatengana kwa uzembe wangu. Lala salama, Baba Kulwa. Mungu akuangazie.

Ila kuna jambo moja nakuomba unijibu upesi, na padri asije akajua kwamba nimeliomba. Tangu Jumapili ile mtoto amepata kiburi. Mvua zinaisha, kurina kunakaribia, na anasema mtundu ni wake, tawi lililovunjika ni moja tu. Nimemfokea, nimelia, mama yako amemfokea, anatusikiliza kwa heshima zote kisha anafanya lake. Mimi nikisema ni mama tu anaogopa. Wewe atakusikia. Mjie usingizini, mwambie mwaka huu akae chini apulize moshi, apande mwenzake. Mwambie kwa ile sauti yako. Na usikawie, nakusihi, maana asubuhi hii nimemkuta nyuma ya nyumba anasuka kamba ya kupandia kwa mkono wa kushoto na meno, na imebaki kipande kidogo.

Mimi mkeo,
Mama Kulwa